Yatima wa Kisiwa cha Ngamba



Juma hili tuache kidogo vumbi la Bunia, tusafiri pamoja mpaka kisiwa kimoja kidogo cha Ziwa Viktoria, katika nchi ya Uganda, tukatazame wanyama kutwa nzima. Wenye nauli waweza kwenda kwa miguu yao. Sisi tulio wengi tutakwenda kwa njia ya gazeti, ambayo haidai nauli wala hati ya kusafiria. Kisiwa chenyewe chaitwa Ngamba, na wenyeji wake ni sokwe, wanyama wale ambao watu wa Maniema tangu zamani waliwaita soko.

Msidhani nawapeleka mbali kwa ajili ya kuwachekesha watoto tu. Watoto watacheka, na ni haki yao. Lakini kisiwa kile kina neno la kutuambia sisi watu wa Ituri, na neno hilo latuhusu kuliko liwahusuvyo wageni wa Ulaya wanaokwenda huko na vyombo vyao vya kupigia picha.

Safari ya majini

Kutoka Bunia twashuka mteremko mrefu mpaka Kasenyi, kwenye ufuko wa Ziwa Albert. Wavuvi na wachuuzi wa huko wazijua njia za maji kuliko sisi tuzijuavyo barabara zetu. Mtumbwi wa mota hutuvusha mpaka Ntoroko, ng'ambo ya Uganda. Hapo hatuna budi kusogeza mbele mshale wa saa kwa saa moja, maana wenzetu hulipokea jua kabla yetu. Kisha twashika barabara ya Fort Portal na Kampala, na mwisho twafika Entebbe, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Kutoka Entebbe mpaka Ngamba ni kilometa 23 juu ya maji. Boti iendayo kasi hutumia muda usiofika saa moja. Mtumbwi mkubwa wa mota wataka saa moja na nusu. Njiani chombo huvuka ikweta, mstari ule ambao watoto wa shule huuchora kwa rula katikati ya ramani ya Afrika. Anayetazama nje ya boti hauoni, naye amekwisha kutoka nusu moja ya dunia na kuingia nusu ya pili.

Kisiwa si kikubwa. Kina hekta 40 hivi, yaani kama viwanja hamsini na kitu vya mpira vikiwekwa pamoja. Karibu chote kimefunikwa na msitu. Mwezi wa Oktoba 1998 sokwe 19 waliletwa hapa kuwa wakazi wa kwanza. Siku hizi ni kama 50.

Asubuhi kisiwani

Tukikaribia, twaona kwanza ndege. Yangeyange weupe wasimama kandokando ya maji, kimya, kama watoto wa altare wanaongoja padre. Mnandi mweusi amekaa juu ya gogo, amenyosha mabawa yake apate kuyakausha. Miti iliyo karibu na nyumba imejaa viota vya kwera, ndege wadogo wa manjano, wafumao majani kama bibi afumavyo mkeka. Juu kabisa hulia furukombe, tai yule wa maji mwenye kichwa cheupe, ambaye wavuvi wa Kasenyi humjua vema. Kenge mkubwa ajianika juani juu ya mawe, wala hajali kama tumefika au la.

Uzio wa waya wenye umeme hukigawa kisiwa sehemu mbili. Sehemu ndogo ni ya watu: nyumba za walezi, ofisi na malazi ya wageni. Sehemu kubwa ni msitu wa sokwe. Pande zilizobaki ukuta ni maji yenyewe, maana sokwe hajui kuogelea.

Karibu saa tano za asubuhi wageni hupanda jukwaa la mbao lililo karibu na uzio. Mwanzoni hakuna cha kuona ila miti. Walezi huja na ndoo za matunda. Mara sauti moja ya chini yasikika kutoka ndani ya msitu, ya pili yaipokea juu zaidi, kisha msitu mzima wajaa makelele, na sokwe watokea, mmoja, wawili, kumi, wengine wakitembea kwa kuegemea vifundo vya vidole, wengine wakikimbia kwa miguu miwili ili mikono ipate nafasi ya kudakia.

Walezi huwarushia mapapai, ndizi, maembe, matikiti, karoti na kabichi. Kila sokwe ana jina lake, na mlezi humjua kwa uso, kwa mwendo na kwa tabia, kama mwalimu ajuavyo darasa lake: huyu mgomvi, huyu mpole, yule mwizi wa chakula cha jirani.

Anayetazama kwa uvumilivu huona mengi. Dume mkubwa apitapo, nywele zimemsimama mwilini, wadogo huinama na kumnyoshea mkono kwa heshima. Mmoja ameshika papai mkononi, la pili kwa mguu, la tatu kinywani, na mwenzake aliyekosa amekaa mbele yake akikinga kiganja, kama mwombaji mlangoni pa kanisa siku ya Dominika. Mwenye mapapai hutazama kando. Lakini kiganja kile hakiondoki, na mara nyingine mwenye navyo hukubali kutoa kipande. Wawili waliopigana waweza kukaa mbalimbali kwa kitambo. Baadaye mmoja humwendea mwenzake, wakakumbatiana, wakaanza kuchambuana manyoya. Zipo nyumba nyingi za Wakristu ambamo upatanisho huchukua muda mrefu zaidi.

Mambo haya yalijulikana vizuri ulimwenguni kwa kazi ya mwanamke Mwingereza, Jane Goodall, ambaye tarehe 14 Julai 1960 alifika Gombe, karibu na Kigoma, nchini Tanzania, akakaa msituni akiwatazama sokwe siku baada ya siku. Mwaka uleule alimwona sokwe mmoja akichukua kijiti, akikitumbukiza katika kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa, akawala. Kabla ya hapo wataalamu walifundisha kwamba mtu peke yake hutengeneza chombo cha kazi. Bibi huyo alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, mwenye umri wa miaka 91, na taasisi aliyoianzisha ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyoungana kufungua kimbilio la Ngamba.

Sokwe si mtu. Mtoto wa katekisimu ajua kwamba mtu pekee aliumbwa kwa mfano wa Mungu na kuitwa kwenye uzima wa milele. Lakini Muumba yuleyule alimpa mnyama huyu mkono wa kushika, uso wa kukunja, na moyo wa kumjua mama yake. Hakuvitoa hivyo bure.

Jioni

Jua literemkapo, sokwe wengi hurudi kutoka msituni kuja kwenye nyumba yao ya kulala. Hupewa chakula cha unga, na hupanda kulala katika vitanda vya kuning'inia vilivyotundikwa kwa ajili yao. Mgeni atazamaye huguswa moyo. Lakini anayeujua msitu hujiuliza: Mnyama wa mwitu amekuwaje hata alale katika kitanda alichotundikiwa na mtu?

Sokwe aliye huru hujenga kiota chake kila jioni. Huchagua mti, hukunja matawi, huyasuka, hutandika majani mabichi juu yake, na kesho hujenga kingine. Mtoto hulala katika kiota cha mama kwa miaka kama mitano, akitazama kila jioni jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Miezi ya kwanza hubebwa tumboni pa mama, baadaye mgongoni. Hunyonya miaka minne au mitano. Hujifunza kwake lipi ni tunda la kuliwa na lipi la kuachwa, ni nani wa kuogopwa na nani wa kusalimiwa. Elimu yake yote ni mama yake.

Karibu sokwe wote wa Ngamba ni yatima. Masomo hayo yalikatwa kabla hawajayamaliza.

Walitoka wapi?

Hapa ndipo safari yetu yarudi nyumbani. Miongoni mwa sokwe wa Ngamba wapo waliozaliwa katika misitu ya Kongo. Walikamatwa wakiwa wachanga, wakapitishwa mpakani kwa magendo, na askari au walinzi wa wanyama wa Uganda wakawanyang'anya wachuuzi.

Biashara hii ni ya zamani. David Livingstone, alipokuwa Maniema mwaka 1871, alipewa mtoto jike wa soko ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mtoto yule alinyosha mkono abebwe kama mtoto wa mtu, na alipokataliwa alilia kwa namna iliyofanana mno na kilio cha binadamu. Ilikuwa miaka ileile ambayo wafanyabiashara wa watumwa walipita katika vijiji vya huko wakiwatenga watoto na mama zao. Msafiri yule aliviandika vilio vyote viwili.

Mtoto wa sokwe hakamatwi kwa mtego kama kwale. Mama hamwachi, na kundi lote huja kumtetea. Kwa hiyo mwindaji hana budi kumpiga mama risasi, na mara nyingi wengine pia. Nyama yao hukaushwa kwa moshi na kuuzwa. Mtoto, kwa kuwa hana nyama ya maana, hufungwa kamba kiunoni na kutafutiwa mnunuzi. Wengi hufa kabla ya kumpata, kwa njaa, kwa majeraha, au kwa huzuni tu. Basi kila yatima unayemwona kutoka jukwaa la Ngamba ni mabaki ya kundi. Ukimhesabu mmoja, wahesabu pia wale usiowaona.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 nyani wakubwa wasiopungua 22,000, yaani sokwe, bonobo, gorila na orangutani wa Asia, walipotea kwa sababu ya biashara hiyo, ama kwa kuuawa ama kwa kukamatwa. Zaidi ya nusu walikuwa sokwe. Naye sokwe jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka mitano au zaidi. Mkulima aelewe mwenyewe: shamba livunwalo kila siku na kupandwa mara moja katika miaka mitano litabaki na nini?

Misitu yetu ya Ituri ina sokwe hata leo. Wapo katika Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa kuizunguka Epulu, na kuandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia mwaka 1996. Mwaka 1997 iliandikwa tena, safari hii katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sababu twazijua, kwa kuwa tumeishi nazo: vita, bunduki zilizozagaa, na kambi za dhahabu msituni, ambamo watu wengi hukaa bila kulima wala kufuga, na nyama ya mwitu ikawa ndicho kitoweo kilicho karibu.

Kwa nini wasirudishwe msituni?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama walitoka msituni, si warudishwe tu? Jibu ni gumu. Sokwe wa mwitu hulinda mpaka wao, na mgeni aingiaye waweza kumwua. Tena yatima aliyelelewa na watu hawaogopi watu. Akiona kijiji ataingia shambani kuchukua ndizi, na hapo atauawa au yeye mwenyewe atamjeruhi mtoto wa mtu. Na msitu wa kumweka, ulio mkubwa, usio na sokwe wengine wala wawindaji, haupatikani kwa urahisi.

Jambo hilo limepata kuwezekana, na katika ziwa lilelile la Viktoria. Upande wa Tanzania kiko kisiwa cha Rubondo, kikubwa kupita Ngamba mara mia nyingi. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani, alipeleka huko sokwe 17, waliokuwa wamekamatwa Afrika ya Magharibi wakiwa wadogo na kufungiwa katika nchi za Ulaya. Walifunguliwa masanduku yao ufukoni, wakaachwa waingie msituni. Walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota, wakazaa, na leo wazao wao ni makumi kadhaa, nao huishi kama sokwe wa kweli wa mwitu. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Ngamba haiwezi kufanya hivyo. Msitu wa hekta 40 hautoi matunda ya kuwatosha sokwe 50, hivyo chakula hununuliwa na kuletwa kwa boti. Ndiyo maana pia majike hupewa dawa za kuzuia kuzaa, wasije wakaongezeka mahali pasipo na nafasi. Kisiwa ni kimbilio, na kimbilio si nyumbani.

Swali la mama mmoja

Nilipowaeleza habari hizi watu wachache baada ya Misa, mama mmoja wa Legio ya Maria, aliyekimbia kutoka Djugu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, usinikasirikie. Wajukuu wangu wanalala chini ya turubai. Nyani wa Uganda wanalala kitandani?"

Watu walinyamaza. Mimi pia nilinyamaza kidogo, kwa kuwa swali lile lilistahili kupimwa kabla ya kujibiwa.

Nikamwambia: "Mama, Kanisa liko upande wako." Na ndivyo ilivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha mambo mawili, moja kando ya lingine. La kwanza, kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo lazima ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. La pili, kwamba haifai kuwatumilia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kuwaondolea watu taabu yao. Wajukuu wa mama yule wana thamani kupita sokwe wote wa Ngamba na wa Rubondo pamoja. Mkristu asiyelikubali hilo amesahau Kristu alimfia nani.

"Lakini, Mama," nikaendelea, "tufanye hesabu. Sokwe huishi miaka 40, hata 50. Yatima mmoja atalishwa kila siku ya miaka hiyo yote. Atahitaji mlezi, daktari, dawa, boti ya kuleta chakula, na mlinzi wa usiku. Mama yake msituni alifanya kazi hiyo yote, wala hakumdai mtu hata faranga moja. Gharama yote ya Ngamba ni malipo ya risasi zilizopigwa siku moja. Anayetaka fedha ziwaendee watu, na aanze kwa kuzuia risasi ile. Rehema isiyo na gharama yoyote ni kumwacha mama akiwa hai."

Mama yule alitazama chini, akasema polepole: "Ni hivyo hivyo na sisi, Mwalimu. Turubai isingalihitajika, kama wangalituacha nyumbani."

Sikuwa na la kuongeza. Sote twakumbuka kwamba kati ya Desemba 2017 na mwaka 2018 maelfu ya ndugu zetu wa Ituri walilivuka Ziwa Albert katika mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, wakateremka Sebagoro, wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Wengine walizama. Ziwa lile tulilolivuka mwanzoni kwa ajili ya kutazama, wao walilivuka wakikimbia. Bunduki iwafukuzayo watu vijijini ndiyo hiyo hiyo iingiayo msituni kuwinda, na mkono uzoeao kutenganisha mama na mtoto hauulizi sana ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo sioni kwamba kumhurumia mnyama kwapunguza huruma kwa mtu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyapasa kusikiwa pamoja, tena aliutaja msitu wa bonde la Kongo kati ya mapafu ya dunia. Sisi tunaokaa pembezoni mwa mapafu hayo twavisikia vilio vyote viwili bila kuhitaji kusoma mbali.

Neno kuhusu ugonjwa

Wageni wa Ngamba huwatazama sokwe kutoka jukwaani, hawawagusi. Mwili wa sokwe wafanana na wetu mno, hata mafua yetu yaweza kumwua, na maradhi yake yaweza kutuua sisi. Mwaka 1996, katika kijiji cha Mayibout nchini Gabon, watu walimkuta sokwe amekufa msituni, wakamchuna na kumpika. Ebola ikawaingia wao na waliowauguza, na watu 21 wakafa.

Sisi hatuhitaji kuambiwa Ebola ni nini. Ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ilichukua roho za watu 2,287. Ugonjwa ule wa kwetu sitausingizia sokwe. Nasema tu kwamba mnyama aliyekutwa amekufa msituni si zawadi. Mzazi mwenye busara hamgusi, wala hamruhusu mtoto wake kumgusa.

Tufanye nini?

Sitaki msomaji akunje gazeti na kusema, "Habari nzuri ya wanyama." Yako mambo matatu ambayo jamaa yoyote ya Kikristu yaweza kuyafanya, hata isiyo na kitu.

Kwanza, nyama ya sokwe isiingie jikoni mwetu. Sisemi habari ya baba wa msituni awindaye panya na wanyama wadogo apate kuwalisha watoto. Huyo ana njaa, na njaa yake yataka msaada wetu kabla ya mahubiri. Nasema habari ya nyama ya sokwe iletwayo mjini kwa ajili ya wenye fedha. Sheria ya nchi yetu namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 yakataza kuua, kukamata, kufuga au kuuza wanyama waliolindwa, na sokwe ni mmoja wao. Mnunuzi wa mjini ndiye amtumaye mwindaji, hata kama hawajaonana kamwe.

Pili, ukimwona mtoto wa sokwe amefungwa kamba sokoni au uani mwa mtu, usimnunue, hata kwa huruma. Mchuuzi hajali kama wanunua kwa wema au kwa ubaya. Akipata fedha atarudi msituni kutafuta mwingine. Wapashe habari wakuu wa ICCN, ambao ni walinzi wa hifadhi zetu, au mwambie paroko akusaidie kuwafikishia. Kongo nayo ina makimbilio yake: kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, chapokea sokwe na nyani wengine tangu mwaka 2002, Lubumbashi kipo kimoja tangu 2006, na Kinshasa kiko kile cha bonobo, kilichoanzishwa na Bibi Claudine André mwaka 1994. Yatima wa msitu wetu hawana lazima ya kuvuka mpaka ili wahurumiwe.

Tatu, tuwafundishe watoto. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima twajua, tena twajivunia. Kutunza je? Mtoto wetu hujua majina ya timu za mpira za Ulaya zote, lakini hajui jina la ndege aliaye juu ya paa la nyumba yao.

Basi nawapa wanafunzi kazi ya juma hili. Kila mmoja aende kwa babu au bibi, aketi chini kwa adabu, aulize: "Babu, ulipokuwa na umri wangu, ni wanyama gani mliowaona karibu na kijiji?" Aandike majina yote katika daftari, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Kando ya kila jina aandike kama mnyama huyo bado yuko, na kama hayuko, amuulize babu alionekana kwa mara ya mwisho lini, na kitu gani kilimwondoa. Walimu wasahihishe Kiswahili. Wazazi wasome majibu.